Sura Hadharani, Hesabu Gizani: Jela za Kaunti za Marekani na Haki ya Umma Kujua



Mwenye simu yenye intaneti anaweza, akiwa amekaa hapa hapa ukumbini, kufungua ukurasa wa ofisi ya sherifu katika kaunti nyingi za Florida na kumwona mtu aliyekamatwa jana usiku. Ataiona picha yake: nywele hazijachanwa, macho mekundu kwa kukosa usingizi, ukuta mtupu nyuma yake. Chini ya picha kuna jina kamili, umri, urefu, uzito, rangi, kosa analotuhumiwa, na kiasi cha dhamana. Huenda hajafikishwa mbele ya hakimu, au amefikishwa kwa dakika mbili tatu kwa njia ya video. Sheria ya nchi yake inamhesabu kuwa hana hatia hadi mahakama iseme vingine. Hata hivyo jirani, mwajiri, mwenye nyumba na mwalimu wa mwanawe wote wanaweza kumtazama.

Sasa iulizeni ofisi hiyo hiyo: ndani mna watu wangapi waliokaa zaidi ya siku 90 bila kuhukumiwa? Wangapi wamo kwa sababu tu wameshindwa kulipa dhamana ya dola 500? Wangapi wamefia humo miaka 5 iliyopita, na wamekufa kwa nini? Katika kaunti nyingi hamtapata jibu, au mtaambiwa mwandike barua ya maombi, mlipie gharama za kutafuta nyaraka, kisha msubiri.

Nimekuja kusema kwamba mambo haya yamegeuzwa kichwa chini miguu juu. Taarifa ambayo umma una haki nayo ni ile inayoihusu taasisi: inamweka nani, kwa muda gani, kwa sababu gani, na inamtoaje. Anayestahili kusitiriwa ni binadamu ambaye bado hajahukumiwa. Marekani, nchi yenye kompyuta katika kila meza ya mapokezi ya jela, imezoea kinyume chake, na mazoea hayo yana gharama inayohesabika kwa maisha ya watu.

Tuelewane kwanza kuhusu jela ninazozizungumzia. Magereza ya majimbo na ya serikali kuu huweka hasa waliohukumiwa vifungo virefu. Jela za kaunti ni jambo jingine. Zipo karibu 3,000, nyingi zikisimamiwa na sherifu anayechaguliwa kwa kura, na bajeti yake hupitishwa na madiwani wa kaunti. Ndani yake mna mahabusu wanaongoja kesi, mna wenye vifungo vifupi, kwa kawaida visivyozidi mwaka mmoja, mna waliovunja masharti ya kuachiwa, na mna wanaoshikiliwa kwa niaba ya mamlaka nyingine. Majimbo machache, Alaska, Connecticut, Delaware, Hawaii, Rhode Island na Vermont, yameunganisha mahabusu na wafungwa chini ya usimamizi wa jimbo. Kwingineko kila kaunti ina daftari lake na programu yake ya kompyuta, na kila moja ina namna yake ya kuamua nini kiandikwe.

Sensa ya kwanza ya kitaifa ya jela hizi ilifanyika mwaka 1970. Iligundua watu zaidi ya 160,000 katika jela zaidi ya 4,000, na zaidi ya nusu yao hawakuwa wamehukumiwa. Hadi mwaka huo taifa zima halikuwa na hesabu ya aina hiyo ya watu waliofungiwa katika kaunti zake. Tangu mwaka 1982 Ofisi ya Takwimu za Haki, iliyo chini ya Wizara ya Sheria, imekuwa ikifanya utafiti wa sampuli karibu kila mwaka. Siku inayohesabiwa ni siku ya kazi ya mwisho katika mwezi Juni. Katikati ya mwaka 2019 walihesabiwa watu 734,500. Mwaka mmoja baadaye, korona ilipoingia na polisi wakapunguza kukamata huku mahakimu wakiwaachia watu, idadi ikashuka hadi 549,100. Kufikia Juni 2023 ilikuwa imepanda tena hadi 664,200. Kati ya kila 10, takriban 7 hawakuwa wamehukumiwa.

Hiyo ni kazi kubwa na ya kuheshimika, na watakwimu walioifanya miaka yote hiyo wanastahili shukrani. Lakini hesabu ya siku moja ina upofu wake, na naomba tukae hapo kidogo.

Ukisimama kituo cha daladala saa 6 mchana ukahesabu waliosimama, utapata labda watu 40. Hujajua bado ni wangapi wamepanda tangu alfajiri, wala nani amesimama kwa dakika 5 na nani tangu asubuhi. Jela ya kaunti iko hivyo. Hao 664,200 wa Juni 2023 walikuwa ni waliokutwa tu. Katika mwaka ulioishia siku hiyo watu waliingizwa mara milioni 7.6. Nasema mara, sijasema watu, kwa kuwa mtu mmoja anaweza kuingia mara 3 au 4 kwa mwaka. Shirika la utafiti la Prison Policy Initiative liliwahi kukadiria kwamba mwaka 2017 watu tofauti wasiopungua milioni 4.9 walikamatwa na kuwekwa jela, na kwamba angalau 1 kati ya 4 aliingia zaidi ya mara moja. Hao wanaorudi-rudi mara nyingi ni maskini, wagonjwa wa akili au wenye uraibu. Hesabu ya kitanda haimwoni mtu anayerudi. Inaona kitanda kimejaa.

Kuna kanuni nyepesi ya hesabu inayounganisha mambo haya, na mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili anaweza kuitumia. Idadi ya waliomo siku ya kawaida ni sawa na idadi ya wanaoingia kwa siku, mara wastani wa siku wanazokaa. Chukueni milioni 7.6, zidisheni kwa siku 32 ambazo ndizo takriban wastani wa kukaa, gawanyeni kwa 365. Mtapata kitu kama 666,000, karibu sawasawa na walichokihesabu.

Sasa fikirini jela mbili, kila moja ina watu 100. Ya kwanza inaingiza watu 3,650 kwa mwaka, na kila mmoja anakaa siku 10. Ya pili inaingiza 365 tu, lakini kila mmoja anakaa siku 100. Kwenye ripoti ya siku moja jela hizi ni mapacha. Kwa kweli zina maradhi mawili tofauti. Ya kwanza inahitaji kuzungumza na polisi: kwa nini wanakamata watu wengi kwa makosa ambayo yangetosha hati ya kuitwa mahakamani? Ya pili inahitaji kuzungumza na mahakama na waendesha mashtaka: kwa nini kesi haziishi? Madiwani wasioambiwa tofauti hii watafanya kile ambacho madiwani wa kaunti nyingi wamekifanya kwa miongo mitatu, yaani kukopa fedha na kujenga jela kubwa zaidi. Na jela kubwa ikishajengwa, hujaa.

Kalief Browder alikuwa na umri wa miaka 16 alipokamatwa Bronx, New York, Mei 2010, akituhumiwa kuiba mkoba wa mgongoni. Dhamana ilikuwa dola 3,000. Familia haikuwa nazo. Alikaa katika jela ya jiji iliyo kisiwani Rikers miaka 3, muda mrefu kati ya hiyo akiwa katika chumba cha upweke, bila kesi yake kusikilizwa, hadi mashtaka yalipofutwa mwaka 2013. Mwaka 2015 alijiua nyumbani kwao. Siku ya hesabu ya Juni 2010 alikuwamo. Ya 2011 alikuwamo. Ya 2012 alikuwamo. Kila mara alikuwa mtu 1, sawa na mlevi aliyelala usiku mmoja akaondoka asubuhi. Laiti New York ingelazimika wakati ule kutangaza kila mwezi orodha isiyo na majina, yenye umri, kosa, kiasi cha dhamana na siku za kukaa, ungekuwamo mstari wa kijana aliyeingia akiwa na miaka 16, akafikisha siku 300, kisha 600, kisha 900. Nina hakika mwandishi mmoja wa habari au diwani mmoja angeuona. Leo jiji hilo linatoa kila siku jedwali la walioko kizuizini, na tarehe ya kuingia imo.

Kitu kingine kinachofichika ni nani anashikiliwa kwa niaba ya nani. Huko Louisiana, takriban nusu ya wafungwa wa jimbo wamewekwa katika jela za parokia, kama kaunti zinavyoitwa huko, na jimbo humlipa sherifu kwa kichwa kwa siku. Polisi wa mahakama za serikali kuu nao hukodi vitanda, na idara ya uhamiaji hukodi. Sherifu anaweza kusimama mbele ya madiwani akasema jela imefurika, inahitaji upanuzi, na akawa anasema kweli, ilhali sehemu ya waliomo ni wapangaji. Asiyepewa mchanganuo huo hawezi hata kuuliza swali.

Nafika sasa kwenye vifo, na hapa sitakwenda haraka.

Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 2000 sheria ya kuripoti vifo vya walio kizuizini. Ikakoma, ikarudishwa na kutiwa saini upya Desemba 2014. Ofisi ya Takwimu za Haki ilikusanya taarifa hizo kwa miaka mingi, kwa umakini, ikizifuatilia jela moja baada ya nyingine. Mwaka 2019 ilihesabu vifo 1,200 katika jela za kaunti, idadi kubwa kuliko yoyote tangu ilipoanza kuhesabu, na 355 kati yake walijiua. Lakini sheria inayoilinda takwimu hiyo iliizuia ofisi kuitangaza jela kwa jela. Mama ambaye mwanawe ameingizwa jela fulani angeweza kusoma wastani wa taifa. Asingeweza kujua kwamba jela ile hasa imeshazika watu 4 mwaka ule.

Shirika la habari la Reuters likaamua kuifanya kazi hiyo lenyewe. Liliandika maombi ya nyaraka zaidi ya 1,500, na mwaka 2020 likachapisha vifo 7,571 vilivyotokea katika jela zaidi ya 500 kati ya 2008 na 2019. Kati ya waliokufa, wasiopungua 4,998 hawakuwa wamepatikana na hatia ya yale waliyokuwa wakishikiliwa kwayo. Naomba mlisikie hilo vizuri. Thuluthi mbili ya maiti hizo zilikuwa za watu ambao sheria iliwahesabu hawana hatia.

Kwa upande wa serikali, mambo yaliharibika zaidi. Kazi ya kukusanya taarifa za vifo ilihamishwa kutoka kwa watakwimu ikapelekwa ofisi nyingine ya wizara, inayogawa ruzuku kwa majimbo. Septemba 2022 Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali, ambayo ni mkaguzi wa Bunge, na kamati ndogo ya Seneti iliyoongozwa na Jon Ossoff wa Georgia, zilionyesha matokeo yake. Kwa mwaka mmoja tu, 2021, vilionekana vifo 990 vya magerezani na vya watu waliokamatwa ambavyo havikuripotiwa, na vilipatikana kwa kusoma tu kumbukumbu zilizokuwa wazi kwa umma. Katika taarifa zilizoletwa, asilimia 70 zilikosa angalau jambo moja kati ya yaliyotakiwa kuandikwa, na asilimia 40 hazikueleza marehemu alikufa katika mazingira gani. Mtu amekufa mikononi mwa serikali, na nafasi ya kueleza amekufaje imeachwa tupu.

Isitoshe, maana yenyewe ya kufia jela inaweza kuchezewa. Mahabusu anapozidiwa, hupelekwa hospitali. Akiwa hajitambui, sherifu huomba aachiwe huru kisheria. Akikata roho kesho yake, kaunti haina kifo cha kuripoti. Waandishi na mawakili wamelionyesha hili katika majimbo kadhaa. Ndiyo maana nasisitiza kwamba fasili iandikwe kwenye sheria: kifo kihesabiwe ikiwa ugonjwa au jeraha lilianza mtu akiwa ndani, hata kama pumzi ya mwisho imetoka nje ya lango.

Tuangalie meza moja ya mapokezi kwa karibu. Tarehe 10 Julai 2015 Sandra Bland, mwanamke mweusi wa miaka 28, alisimamishwa na askari wa barabarani huko Prairie View, Texas, kwa kubadili njia bila kuwasha taa. Mabishano yakawa kukamatwa. Dhamana ilikuwa dola 5,000. Dola 500 zingetosha kumtoa. Alikutwa amekufa katika seli ya jela ya kaunti ya Waller tarehe 13 Julai, na uchunguzi wa maiti ukasema amejinyonga. Fomu za mapokezi zilizotolewa baadaye zilionyesha kwamba aliwahi kusema amejaribu kujiua zamani, na majibu ya fomu moja hayakulingana na ya nyingine. Wakaguzi wa jimbo waliikuta jela na kosa la kutomtazama mahabusu kwa wakati uliopangwa na la kutowafundisha vizuri askari wake kuhusu afya ya akili. Mahabusu mwingine alikuwa amejiua katika jela hiyo hiyo mwaka 2012.

Kwa hiyo tunaposema takwimu, tusifikirie tu jedwali la mwisho wa mwaka. Takwimu huanza na askari wa zamu ya usiku anayeuliza swali na kuandika jibu. Akiuliza haraka haraka bila kumtazama mtu usoni, au akijaza saa ya ukaguzi ambao hakuufanya, hakuna mtakwimu wa Washington atakayeweza kuirekebisha hesabu hiyo. Mwaka 2017 Texas ilipitisha sheria yenye jina la Sandra Bland. Inataka vihisio vya kielektroniki vithibitishe kwamba ukaguzi wa seli umefanyika kweli, na inataka kifo cha jelani kichunguzwe na chombo kingine, kisiwe cha jela yenyewe. Huko Texas pia ripoti ya kifo kizuizini hupelekwa kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo ndani ya siku 30, na raia anaweza kuisoma.

Nirudi kwenye zile picha. Kwa miaka mingi kulikuwa na biashara ya aibu: tovuti zilinyakua picha za waliokamatwa, zikazitandaza, kisha zikadai pesa kwa aliyetaka yake iondolewe, hata kama kesi yake ilikuwa imefutwa. Kuanzia mwaka 2013 hivi majimbo yakaanza kuipiga marufuku. Polisi wa San Francisco waliacha kutoa picha hizo kwa kawaida Julai 2020, na California mwaka 2021 ikavizuia vyombo vya dola kubandika kwenye mitandao ya kijamii picha za wanaotuhumiwa kwa makosa yasiyo ya ukatili. Lakini orodha zenye majina bado ziko wazi kaunti nyingi, na hapa limetokea jambo ninalolipenda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New York, katika mradi wa Jail Data Initiative, huandika programu zinazosoma kila siku orodha za jela zaidi ya 1,000. Aliyeonekana jana na leo haonekani, ametoka. Aliyeonekana siku 200 mfululizo, amekaa siku 200. Kutokana na orodha zilizowekwa ili watu waonekane, watafiti hao wamepata takwimu za muda wa kukaa ambazo kaunti hazikuwahi kuzitoa. Ni kazi ya kijasiri, lakini inategemea ukurasa ambao sherifu anaweza kuufunga kesho.

Kuna kundi moja ambalo hata kwenye orodha hizo halipo, na linatugusa sisi. Wako Wakongo waliopata hifadhi huko, wako Wakenya na Watanzania waliokwenda kusoma na kufanya kazi, na baadhi yao wamejikuta mikononi mwa idara ya uhamiaji, wamelazwa katika kitanda kilichokodiwa kwenye jela ya kaunti. Kanuni ya serikali kuu inazizuia jela hizo kutoa taarifa za mahabusu wa uhamiaji. Ndugu anayepiga simu kaunti ataambiwa hawana la kusema. Inambidi atumie mfumo wa serikali kuu, akiwa na namba ya faili ya uhamiaji na nchi aliyozaliwa mtu huyo, au jina lililoandikwa vilevile lilivyo kwenye kumbukumbu zao. Na ninyi mnajua majina yetu yanavyoandikwa na mtu asiyeyajua. Hapa usiri unamwumiza yule yule unaosemwa kumlinda, kwa kuwa hata mama yake hajui alipo.

Je, hesabu iliyo wazi huleta mabadiliko? Huleta, ikipata mtu wa kuishika. Kaunti ya Harris, yenye jiji la Houston, ilishtakiwa mwaka 2016 kwa kuwafungia watuhumiwa wa makosa madogo kwa sababu ya umaskini wao. Takwimu za kaunti yenyewe zilionyesha kwamba takriban asilimia 40 ya waliokamatwa kwa makosa hayo walibaki ndani mpaka kesi zao zikaisha. Jaji Lee Rosenthal aliutegemea ushahidi huo katika uamuzi wake wa 2017. Makubaliano ya mwaka 2019 yaliweka msimamizi wa nje na kuilazimisha kaunti kutangaza takwimu za dhamana, na ripoti zake za mara kwa mara zimewaruhusu wananchi kubishana kwa ushahidi badala ya kubishana kwa hofu. Florida nayo ilipitisha mwaka 2018 sheria ya kukusanya taarifa za kesi moja moja, kuanzia kukamatwa hadi kutoka. Utekelezaji wake umekwenda polepole mno, kwa sababu makarani, waendesha mashtaka na masherifu hawakuwa wakiandika mambo kwa namna moja. Sheria hupitishwa kwa siku moja. Kumfanya karani wa kaunti ya mbali aandike kitu kile kile kama mwenzake wa Miami huchukua miaka, na huhitaji fedha ambazo wabunge husahau kuzitenga.

Kama kuna kielelezo cha kuanzia, mimi ningekichukua kutoka Texas. Tume ya Viwango vya Jela, iliyoundwa mwaka 1975, hutoa kila mwezi ripoti ya kila kaunti: jela ina nafasi ngapi, waliomo ni wangapi, wangapi wanangoja kesi za makosa makubwa, wangapi za makosa madogo, wangapi wanangoja kuhamishiwa gereza la jimbo, wangapi ni wa serikali kuu. Hakuna jina hata moja wala picha. Mwalimu wa shule katika kaunti ya watu 10,000 anaweza kuisoma akaielewa. Kinachokosekana ni safu ya siku: kati ya wanaongoja kesi, wangapi wamepita siku 30, 90, 180, na 365. Tarehe ya kuingia imeshaandikwa kwenye kompyuta ya kila jela, maana ndiyo kitu cha kwanza askari wa mapokezi anachokijaza.